Kukata Pembe Ileile Mara Kumi na Sita: Reli, Egemeo na Kizuizi

Meza ilikuwa ya pembe nane, upana milimita 900 kutoka ubavu hadi ubavu, juu plaiwudi ya milimita 18 na pembeni fremu ya mninga. Vipande vinane vya fremu, kila kimoja kimekatwa digrii 22.5 ncha zote mbili. Maungio saba yalikaa vizuri kiasi kwamba nilianza kupiga mluzi. La nane likabaki limepanua mdomo, milimita nne na ushee. Nikafanya ule ujanja wetu wa kuchanganya gundi na unga wa mbao na kuziba. Ikapendeza mpaka nilipopaka vanishi: mninga ukageuka rangi ya asali na ile ziba ikabaki kijivu, inaonekana tangu mlangoni. Mteja hakusema neno. Alipitisha kidole tu juu yake, akatoa bei mpya.

Msumeno wangu haukuwa na tatizo, wala reli, yaani ule mwongozo mrefu ulionyooka ambao msumeno hupita juu yake. Tatizo ni kwamba nilikuwa nikisoma digrii kwenye skeli ya kipimapembe kila nilipohamisha reli kwenda kwenye kipande kingine. Mara kumi na sita nilisoma, mara kumi na sita nilikosea kidogo. Robo digrii ukiizidisha mara kumi na sita ni digrii nne nzima, na zote huja kujikusanya kwenye ungio la mwisho. Hata fremu ya kawaida ya picha ina mikato minane. Ukikosea nusu digrii kwa kila mmoja, kona ya nne inabaki wazi kwa digrii nne vilevile.

Tena skeli yenyewe usiiamini sana. Kwenye kipimapembe chenye nusu kipenyo cha milimita 60, digrii moja ni nafasi ya milimita moja tu. Mstari uliochorwa hapo, kama una unene wa milimita 0.3, umekula zaidi ya robo digrii kabla hujaanza kukodoa macho. Kwa hiyo njia ninayoieleza hapa haisomi digrii. Unaweka pembe mara moja, unaijaribu, unaifunga kwa bolti, halafu huigusi mpaka kipande cha mwisho kitoke.

Unachohitaji

Msumeno wa duara wa umeme na reli yake. Reli za kununua ni nzuri, lakini kabla hujanunua kiambatisho chochote (skwea ya reli, kipimapembe cha reli, klempu, kiunganishi) jua reli yako ni ya ukoo gani. Reli za Festool na Makita zinakaribiana umbo, na viambatisho vingi vya moja hukaa kwenye nyingine. Za Bosch zina umbo lake. Nimeona mtu amenunua skwea ya reli ya bei kubwa, akaja kugundua nyumbani kwamba haiingii kwenye mfereji wa reli yake.

Kama huna reli ya kununua, jitengenezee. Chukua plaiwudi ya milimita 9, upana kama sentimita 30, urefu unaokutosha. Juu yake gundisha na upige skrubu ubao mwembamba ulionyooka kabisa. Ukingo wa kiwandani wa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) unafaa. Acha upande mmoja uwe mpana kuliko nafasi iliyopo kati ya ukingo wa kitako cha msumeno na diski. Gundi ikikauka, egemeza msumeno kwenye ule ubao na ukate plaiwudi iliyozidi. Ukingo uliobaki ndio mahali hasa diski inapopita. Weka alama ya msumeno na diski uliyotumia, kwa sababu ukibadilisha diski yenye meno mapana zaidi, ukingo ule haukuambii tena ukweli.

Vingine: kipande cha MDF cha milimita 18 chenye ukubwa wa kama milimita 1200 kwa 700, bolti mbili za milimita 8 na nati zake za masikio, mbao mbili tatu ngumu zilizorandwa zikanyooka, klempu nne, futi kamba nzuri au rula ya chuma, penseli kali. Diski iwe na meno ya kutosha. Ile ya meno 24 ya kupasulia mbao itakupa uso wa mkato wenye mikwaruzo, na gundi haipendi mikwaruzo kwenye kona.

Hatua ya 1: Ondoa mchezo kwenye msumeno

Weka msumeno juu ya reli, umechomolewa kwenye umeme, ushike kwa mpini na uutikise kushoto na kulia. Ukisikia kunacheza, kaza. Misumeno iliyotengenezwa kwa ajili ya reli ina vifundo vidogo vya kurekebishia kwenye kitako, kimoja mbele na kingine nyuma. Kaza mpaka mchezo uishe lakini msumeno bado unateleza kwa kusukumwa na mkono mmoja. Kwa reli ya kujitengenezea hakuna cha kukaza. Hapo mkono wako ndio unaoubana msumeno kwenye ubao wa kuongozea, safari nzima bila kulegea. Kusugua mshumaa kwenye njia ya msumeno kunasaidia sana.

Mpira mwembamba ulioko ukingoni mwa reli ya kununua hukatwa na msumeno wenyewe mara ya kwanza. Kama reli ni ya kuazima na mpira wake ulikatwa na msumeno wa mtu mwingine, usiufuate.

Hatua ya 2: Bao la kukatia

Hapa ndipo wengi tunakosea kwa kuhamisha reli. Ubao ukilazwa mezani na reli ikahamishwa kutoka kipande hadi kipande, kila safari ni kipimo kipya. Geuza mambo: reli ikae palepale, mbao ndizo zije kwake.

Laza MDF mezani. Reli ipite juu yake kutoka mbele kwenda nyuma, karibu na upande wa kulia, kama milimita 300 kutoka ukingoni. Chini ya reli, mbele na nyuma, weka vibao vya kuibeba, vyenye unene sawa na mbao utakazokata, au vizidi kwa unene wa kadi. Vikiwa vifupi, reli italala juu ya kipande na kuinama. Vikiwa virefu mno, ule mpira wa ukingoni haugusi mbao na uso wa juu utachanika.

Ili uweze kuinua reli na kuishusha, funga bawaba upande wa nyuma. Bawaba za kawaida za mlango zina mchezo, kwa hiyo usiziachie kazi ya kushikilia mstari. Kazi yake ni kuinua tu. Kinachoshikilia mstari ni vibao viwili vidogo mbele na viwili nyuma, vinavyoibana reli kushoto na kulia pale inaposhuka. Viwe vimebana kiasi kwamba reli inashuka kwa kusukumwa kidogo, isiwe inadondoka yenyewe.

Sasa weka kina cha diski, ukipima kuanzia chini ya reli: unene wa mbao pamoja na milimita 2 au 3. Shusha reli, kata mara moja bila mbao yoyote. Utapata mfereji mwembamba kwenye MDF. Mfereji huo, na si ukingo wa reli, ndio mstari wa kweli wa diski yako. Pembe zote utazipima kutoka hapo.

Hatua ya 3: Weka pembe kwa rula

Kanuni ya fremu yenye pande zinazolingana ni rahisi: gawanya 180 kwa idadi ya pande. Pande nne, 45. Pande tano, 36. Sita, 30. Nane, 22.5. Kumi na mbili, 15.

Chagua nukta kwenye ukingo wa mfereji, upande wa kushoto, mahali egemeo, ule ubao ambao mbao za kukatwa zitaegemea, litakapoanzia. Iite A. Kutoka A chora mstari ulio wima (digrii 90) kwa mfereji, kwenda kushoto, milimita 500. Mwisho wake ni B. Hakikisha ni wima kweli kwa 3-4-5: pima 300 kwenye mfereji, 400 kwenye mstari wako, na mshazari uwe 500 kamili. Kisha kutoka B, sambamba na mfereji, pima umbali ufuatao upate C:

kwa digrii 45, milimita 500;
kwa 36, milimita 363.3;
kwa 30, milimita 288.7;
kwa 22.5, milimita 207.1;
kwa 15, milimita 134.

Unganisha A na C. Huo ndio mstari wa egemeo. Ukikosea nusu milimita pale C, umekosea takribani sehemu moja ya ishirini ya digrii. Linganisha na kile kipimapembe kilichokula robo digrii kwa unene wa wino tu.

Egemeo lenyewe ni ubao mgumu, ulionyooka, wenye urefu wa kama milimita 700. Karibu na ncha ya kulia toboa tundu la bolti lipite hadi kwenye MDF, ukaze bolti kiasi cha kuruhusu ubao kuzunguka. Zungusha mpaka uso wake ulale kwenye mstari A–C, kisha bana ncha ya kushoto kwa klempu. Usitoboe tundu la pili bado. Tamaa ya kutoboa sasa hivi naijua, lakini subiri.

Hatua ya 4: Jaribu kwa nusu ya fremu

Njia ya kawaida ni kukata vipande viwili, kuviunganisha na kuangalia. Kwa digrii 45 hiyo inatosha kidogo, maana skwea itakuonyesha. Kwa 22.5 hakuna skwea ya kukusaidia, na vipande viwili huonyesha kosa mara mbili tu. Mimi nataka kosa likuzwe mpaka nilione bila miwani.

Kata vipande vinne vya mbao za takataka, vya urefu mmoja na upana wa milimita 60, kila kimoja digrii 22.5 ncha zote mbili. Viunganishe kwa selotepu upande wa nje. Utapata nusu ya pembe nane, kama upinde wa mlango wa zamani. Usimamishe juu ya kitu kilichonyooka kabisa: kioo, au kitanda cha mashine ya randa. Pembe zikiwa sahihi, miguu yote miwili ya upinde hulala bapa. Zikiwa na kosa, mikato minane imekwisha kulikusanya.

Uache upinde usimame wenyewe bila kuubonyeza, upime mwanya chini ya kila mguu, ujumlishe yote miwili. Mwanya ukiwa upande wa nje wa upinde, pembe yako ni ndogo, iongeze. Ukiwa upande wa ndani, ni kubwa, ipunguze. Na kiasi cha kurekebisha kwa bahati nzuri hakitaki kikokotoo: kwa mbao za upana wa 60, jumla ya milimita 1 maana yake sogeza egemeo pale C kwa takribani milimita 1. Jumla ya nusu, sogeza nusu. Chini ya hapo tumia karatasi: karatasi ya kawaida ya A4 ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Bana kibao kigumu nyuma ya egemeo pale C, halafu ingiza au toa karatasi katikati yao.

Mara ya kwanza nilihitaji majaribio matatu. Ni vipande kumi na viwili vya msonobari ambavyo vingeishia jikoni hata hivyo.

Hatua ya 5: Toboa na uandike

Upinde ukilala bapa, hapo sasa toboa tundu la pili kupitia egemeo na MDF kwa pamoja, bila kulegeza klempu. Ingiza bolti, kaza nati ya masikio. Andika kwa kalamu ya wino pembeni ya tundu: 22.5, na tarehe. Siku nyingine ukihitaji 30 au 45, rudia hatua ya 3 na 4 kwa tundu lingine. Bao langu lina matundu manne sasa na silipimi tena. Nalijaribu kwa upinde mmoja tu likikaa muda mrefu, kwa sababu MDF ikila unyevu wa masika huvimba pembezoni.

Hatua ya 6: Kizuizi cha urefu

Pembe sahihi peke yake haifungi fremu. Kipande kimoja kikizidi milimita moja, kona zitakataa hata kama digrii zimenyooka. Kwa meza ya milimita 900, kila ubavu wa nje ni 900 mara 0.4142, yaani milimita 372.8, kutoka ncha hadi ncha kwenye upande mrefu. Lakini namba hiyo usiifie. Vipande vyote vikiwa 373.5 fremu itafunga vizuri na meza itazidi kidogo tu. Vikiwa saba vya 372.8 na kimoja cha 373.5, haifungi.

Kizuizi ni kibao kilichobanwa kwenye egemeo kwa klempu, ambacho ncha ya mbao hugonga na kusimama. Kina mambo mawili. Kwanza, kata kona yake ya chini, pale inapokutana na bao, kwa mshazari wa milimita tatu hivi. Unga wa mbao hukusanyika hapo, na bila huo upenyo utajikuta kila kipande ni kifupi kuliko kilichotangulia kwa unene wa unga. Mimi hufuta kwa brashi kila baada ya kipande hata hivyo. Pili, ncha ya mbao iliyokatwa pembe ni kali. Ukiisukuma kwa nguvu kwenye kizuizi bapa inabonyea. Kata uso wa kizuizi kwa pembe inayopokea uso mzima wa mkato.

Kukata

Kata ncha moja ya vipande vyote kwanza, bila kizuizi, kila kimoja kikiwa kirefu kidogo. Upande utakaokuwa wa nje wa fremu uegemee egemeo. Halafu bana kizuizi, na ukate ncha za pili.

Kwa ncha ya pili watu hupotea. Ukizungusha ubao tu mezani kama mkono wa saa, mikato miwili itakuwa sambamba na utapata kipande kilichopinda kama ngazi. Unatakiwa kuupindua kama unavyopindua chapati: ncha ya kulia iende kushoto, uso wa juu uende chini, na ule upande wa nje ubaki palepale kwenye egemeo. Ndiyo maana naandika alama ya chaki kwenye upande wa nje wa kila kipande kabla sijawasha umeme. Chaki ikitazama egemeo, niko sawa.

Kila kipande kibanwe kwa klempu kwenye egemeo. Usikishike kwa vidole, hasa vile vifupi. Washa msumeno, acha ufikie kasi yake, sukuma kwa mwendo mmoja, usisimame katikati. Ukimaliza zima, subiri diski isimame, ndipo uinue reli. Ukiinua diski ikiwa inazunguka, kipande kilichobaki upande wa pili hurushwa, na kwa vile ni kidogo huenda mbali. Miwani, vizibo vya masikio, na barakoa kama unakata mvule, maana unga wake unawasha pua na ngozi.

Ukilaza diski

Kwa masanduku na droo zisizoonyesha ukingo, pembe haiwi kwenye bao bali kwenye diski yenyewe, imelazwa digrii 45. Kizuizi cha kiwandani cha 45 kwenye msumeno kijaribu kwanza: kata ubao, geuza kipande kimoja, kutanisha, weka skwea ndani. Kuna skrubu ndogo ya kukirekebisha. Kina cha kukata hupungua kwa karibu theluthi, kwa hiyo pima upya. Msumeno uliolala huwa na hamu ya kupinduka kutoka kwenye reli. Wa Makita SP6000 una kifungo cha kuushikilia kwenye reli yake, misumeno mingine ibane kwa mkono wa kushoto. Na ile reli ya plaiwudi uliyoikata diski ikiwa wima haifai hapa, diski iliyolala inapita mahali pengine. Tengeneza ya pili kwa ajili ya 45 tu.

Kabla ya gundi

Panga fremu nzima bila gundi, uizungushie mkanda wa kufungia mizigo, ukaze. Angalia maungio kwa kushika taa upande wa chini. Kama mninga ulikuwa bado mbichi, hata mikato mizuri itafunguka upande wa ndani baada ya miezi michache, kwa sababu mbao hunywea kwa upana lakini si kwa urefu. Reli haina dawa ya hilo. Dawa ni kuacha mbao zikauke.

Na ukikuta bado kuna uwazi mdogo kama wa kupitisha karatasi, usipige msasa kona moja moja. Gundisha nusu mbili za fremu peke yake, vipande vinne vinne, uache maungio mawili yanayotazamana bila gundi. Zikikauka, laza reli juu ya miguu yote miwili ya kila nusu na uisawazishe kwa mkato mmoja ulionyooka, wa nusu milimita tu. Kisha kutanisha nusu mbili. Meza yangu iliyofuata niliifunga hivyo, na vanishi ilipokauka nililitafuta ungio la nane nikalikosa.